Dhamiri ya Mzee Damiano

Jumatano, baada ya jumuiya

Eti dhamiri haimsuti. Mzee Damiano, mwenyekiti wetu wa jumuiya, amesimama leo baada ya rozari, mkono kifuani, akamjibu Mama Odilia mbele ya watu wote: "Padri alisema tufuate dhamiri. Mimi yangu haina neno. Nalala usingizi mzito."

Hata mbuzi analala usingizi mzito.

Mama Odilia ni mjane. Alikwenda Biharamulo kumuuguza binti yake, na aliporudi akakuta miti ya mpaka kati yake na Damiano, ile inayoshika hata ikichomekwa tu, imesogea hatua tatu ndani ya maharage yake. Wazee waliipanda ili iwe shahidi hata mwenye shamba asipokuwepo. Damiano kaihamisha, kisha anamsingizia Mungu kwamba karidhia. Dhamiri isiyofundishwa ni kama mbwa wa nyumbani, haimbwekei anayeilisha.

Na mimi je? Asubuhi aliyoing'oa miti ile nilimkuta na jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikatia mkungu wa ndizi. Tumeshaumaliza. Ulikuwa mzuri.

Leo mjane akanigeukia. "Mwalimu, wewe unapita pale kila siku. Miti ilikuwa wapi?"

Nikasema sikumbuki.

Sasa dhamiri inanisuta, na nimejikuta nikifurahi kidogo kwamba yangu, angalau, bado inafanya kazi. Kazi gani? Miti iko palepale alipoichomeka Damiano.