Majina Uliyoifundisha Kompyuta

Mpendwa papa,

Nakuandikia nikicheka, maana ungeniona wiki iliyopita ungenivuta sikio. Nilinunua kompyuta mpya kwa ajili ya bureau yetu ya kuchapa hapa Kimemi. Nikahamisha barua zote, hata picha yako ukiwa umesinzia kitini. Ile kompyuta yako ya zamani nikampa mdogo wangu Kakule, kule Beni. Asubuhi ya kwanza nikafungua mwaliko wa harusi wenye majina ya kamati nzima, na karibu kila jina lilikuwa na mstari mwekundu chini yake. Kompyuta haikumjua mtu. Hapo nikakumbuka kwamba kamusi yako ya majina nilikuwa nimeiacha ndani ya ile kompyuta ya zamani, Beni.

Unakumbuka ulivyoijaza? Mteja akitaja jina, ulikuwa unamgeuzia kioo cha kompyuta auone ule mstari, kisha unabonyeza, na mstari unatoweka. "Sasa mashini inakujua, mama," ulimwambia, naye anacheka mpaka foleni nzima inacheka. Wengine walishuka kutoka Kipese na barua zisizo na haraka ili tu majina yao yaingizwe. Mimi nilikuwa nakununia kwa kutuchelewesha.

"Masika, jina ya mutu haiko faute, haiko kosa," ulinijibu.

Miaka yote hiyo uliyaingiza majina moja moja, na yote yalikaa katika faili moja dogo. Tangu tukuzike, hakuna kitu chako ningeumia zaidi kukipoteza. Nikampigia Kakule simu papo hapo.

"Yaya, nilitaka kufuta yote leo asubui," akasema, "lakini courant ilikatika."

Papa, wewe uliyekuwa ukiulaani umeme kwa kukatika kila siku ya Mungu! Nilipanda gari la kwanza kwenda Beni, flashi mkononi, nikamkuta Kakule ameketi mbele ya kioo cheusi. Umeme uliporudi sikumruhusu aguse kitu. Faili tukalipata, tukakumbatiana kama watoto.

Niliporudi nilifanya kazi uliyokuwa ukiiahirisha. Ni programu ya barua tu iliyoyajua majina yako. Ile ya orodha na ile ya barua pepe kila moja ilikuwa na kamusi yake na lugha yake, ndiyo maana ulikuwa unaigombeza ile ya orodha kama mwanafunzi mkaidi. Nilizunguka katika mipangilio kutwa nzima, nikaondoa Kiingereza ambacho hakuna aliyekiomba, na sasa zote tatu zinasoma faili lako. Zilipokubali niliimba kwa sauti, na jirani muuza vitenge akaja kuuliza kuna nini.

Nina furaha, papa, na nimekukosa sana. Jana aliingia mama mmoja mzee wa Bulengera, ambaye sikumbuki kumwona hata siku moja. Alitaka orodha ya kwaya yao. Nikaanza na jina lake, si jina la kawaida hata kidogo, nikasubiri mstari. Haukuja.

"Karibu tena, mama," nikasema.

Akanitazama sana. "Tunajuana, mutoto yangu?"

"Ndiyo, mama. Ni papa alitujulisha."

Lala salama, papa. Kazi inaendelea.

Mwana wako wa kwanza,
Masika