Nilimfunga Baba kwenye Kiti

Gendabi,
Hanang.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Theodory,

Shikamoo. Habari za Songea? Wifi Mectilda na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu ni kali. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu Baba hukaa karibu nami siku nzima, na haya sitaki ayasikie.

Ule ugonjwa wake wa Parkinson umezidi. Kutetemeka ulikokuona Krismasi kulikuwa afadhali. Siku hizi anaganda. Anafika katikati ya mlango, miguu inakataa, tunasimama pale mpaka ikubali yenyewe. Kikombe kimoja cha uji ni saa nzima, maana akiharakisha anapaliwa.

Jumanne dawa zilibaki mbili. Jirani yetu Hilda, ambaye hukaa na Baba nikitoka, alikuwa msibani Hirbadaw. Na wiki iliyotangulia Baba alijaribu kusimama peke yake, akaanguka, paji la uso likachanika. Basi nikachukua kitenge nikamfunga kwenye kiti ili niende duka la dawa. Alinitazama tu.

Dawa sikupata. Muuzaji aliniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nikamuuliza, "Na hizo wiki mbili nimpe nini?" Naye akaniuliza, "Na wewe dada, nani anakusaidia?" Kaka, nililia mbele za watu.

Niliporudi Baba alikuwa amejikojolea. Nikafungua fundo huku namwomba msamaha. Sauti yake imekuwa ndogo mno, ikabidi niinamishe sikio. Akasema, "Siku nyingine nifunge tena, mwanangu. Nisije nikaanguka nikakuongezea kazi."

Tangu siku hiyo sijatoka. Maharage yanapukutikia shambani.

Sijui hata nikuombe nini. Ukija nitalala siku mbili tatu, ukiondoka tutarudi pale pale. Lakini njoo.

Shangazi Agatha wa Dongobesh anakusalimu sana. Mbusu Bryson na mdogo wake kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko.

Baba ameona naandika, akataka aweke jina lake. Sijamsomea. Nimemshikia mkono, lakini kalamu imetoboa karatasi. Huo mstari hapo chini ni yeye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Severina