Vichuma vya Besi Yako Havikati Tena

Besi yako nimeipiga tupa ya majembe, Nestori! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, vichuma vyote ishirini vya shingoni, upande huu na upande huu, na haikuvunjika!

Sasa ndiyo nikusalimu. Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu, amahoro, amani iwe nawe. Sisi huku kambini wazima. Barua hii sikuitia bahasha, usishangae. Naipeleka bandarini Kibirizi kwa wenye maboti, ipite wazi mkono kwa mkono, anayejua kusoma asome, na anayekujua akwambie mama yako anakutafuta. Tangu uvuke ziwa kwenda kumtafuta baba yako aliyebaki ng'ambo, mahindi yamepandwa na yamevunwa, na wewe hujaleta hata salamu ya mdomo.

Nakumbuka ulivyoniambia siku ile mlangoni. "Mama, besi asiiguse mtu mpaka nirudi." Nikaifunga kitenge, nikaitundika ukutani, nikailinda kama mtoto mchanga. Nani mwingine wa kuilinda? Unakumbuka tulipokimbia kwetu tukivuka ziwa, maji yalipoanza kuingia botini na nahodha akapiga kelele mizigo itupwe? Watu wote wakakunyooshea wewe kidole: "Tupa hilo ligitaa!" Ukaikumbatia, ukanitazama. Nilichukua masufuria yangu mawili mapya na jembe la bibi yako, nikavitosa vyote, nikamwambia nahodha, "Sisi zamu yetu tumemaliza." Hakuna mama mwingine kambi hii nzima aliyetupa masufuria akabakiza muziki. Nawaambia kila siku, wamechoka kunisikia.

Kule Ilagala tulikokaa mwanzo, karibu na maji, besi ilikuwa nzima. Huku juu kiangazi kimekausha kila kitu, midomo, kuta, mipini. Siku moja mdogo wako Yusta akanijia kiganja kimechanika, damu inashuka mpaka kiwikoni. Nikamuuliza, umekatwa na nini? Akaanza kulia. Kumbe kila nikienda bombani huishusha besi yako, anajifunza nyimbo zako.

Nilitaka kumchapa. Halafu nikapitisha kidole ubavuni mwa shingo ya besi. Vile vichuma vilivyolala kama vipandio vya ngazi vilikuwa vimetoa ncha nje ya mbao, kama meno ya msumeno.

Unanijua, mimi si mtu wa kuulizauliza. Jembe likicheza kwenye mpini, tunafanyaje? Tunaloweka, mbao ivimbe, ishike. Basi nikaizungushia shingo matambara mabichi siku mbili. Nilipofungua, ncha zimezama! Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikijisifu kwamba nimeponya gitaa. Yoo! Siku chache tu mbao ikakauka tena, ncha zikarudi kali kuliko mwanzo, na kichuma kimoja kikainuka kama kucha inayotaka kung'oka. Mama Furaha jirani yetu, mdomo wake unaujua, akaniambia mbele ya watu bombani, "Mama Nestori, sasa hiyo utaipiga au utaipalilia?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Halafu nikaingia ndani nikakaa chini. Mwanangu, niliogopa. Nilijiambia, kimebaki kitu chake kimoja, nami nimekiua.

Nikamwita Mzee Barnaba, yule seremala wa kwaya yenu ya kanisani. Akaigeuza geuza. "Mbao imesinyaa, mama. Chuma hakisinyai. Hizo ncha lazima ziliwe na tupa." Nikamwambia, basi mzee, fanya. Akanionyesha mikono yake, inatetemeka. "Wewe si ndiye unayenoa majembe ya watu wote hapa? Fanya wewe."

Yusta akasema, "Mama, nikiipiga mimi, si ndiyo tumesema kaka harudi?"

Nilimjibu hivi, na wewe ulisikie jibu langu. Jembe la aliyesafiri hunolewa. Linaloachwa liliwe na kutu ni la marehemu. Lete tupa.

Tukatoa nyuzi. Mzee akakilaza kile kichuma kilichoinuka, akigonga polepole juu ya kipande cha mti, kisha akabandika plasta kulinda mbao. Yusta akaishika shingo mapajani. "Sukuma mbele tu, usirudishe," Mzee akasema. "Ukisikia mlio umebadilika, hapo umefika kwenye mbao. Simama." Nikasukuma. Jasho likaniingia machoni nisithubutu kulifuta. Mara moja tupa iliteleza. Kuna alama ndogo karibu na tumbo la besi, upande wa chini. Ukiiona usimlaumu Yusta, ni mkono wangu. Baadaye nikachukua tupa nyembamba, nikaifanya kila ncha iwe mviringo, moja moja, mpaka jua likahama mlango.

Unakumbuka kitambaa laini cha kichwa ulichoniletea kutoka Kigoma mjini, ukasema mama yako hafanani na mkimbizi? Nilikivua, nikakipitisha kwenye shingo. Kikanasa, uzi ukachomoka. Nikarudia tupa. Nikapitisha tena. Kikateleza, Nestori, kama samaki mkononi, toka juu mpaka chini. Nikataka kuipaka mawese ing'ae, Mzee akanizuia. "Mama, mawese ni ya maharage!"

Sasa Yusta ataipiga kanisani Jumapili ya mavuno, na anaipiga vizuri, nisikufiche, damu yangu hiyo. Lakini mahali pako, pale kando ya spika, hasimami mtu. Yeye atasimama pembeni. Ukitokea hata katikati ya wimbo, atavua mkanda akuvishe, ameniapia.

Kuna wanaosema nimekubali kwamba umepotea. Wasomewe barua hii. Mimi usingizi ni haba, kila boti likitajwa moyo unaruka, lakini sijakubali kitu. Njoo na baba yako. Ukimkosa, njoo peke yako. Njoo mikono mitupu, besi ipo, haikati tena.

Wajomba zako wa Ilagala wameitika mwaliko wa sherehe, kwaya yote ipo, hata Mama Furaha ameshauliza atakaa wapi. Baki na amani popote usomewapo haya. Ni mimi mama yako, mnoa majembe na mabesi. Tunawangoja wote, na wewe mbele yao, Jumapili hiyo ya mavuno, ya mwisho ya mwezi wa nane.