Mama Uzi, Karani Bado Anakaa Kabla Mlango Haujafunguliwa

Mwaka umetimia, Mama Uzi, tangu jeneza lako litolewe kwa mlango wa mbele, wabebaji wakishuka ngazi moja moja. Karani, mbwa wako, alikaa kizingitini kama ulivyomzoesha, akingoja kuambiwa "haya" ndipo atoke. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Tuliporudi kutoka makaburini tulimkuta palepale.

Ulikuwa fundi cherehani, na mbwa hukumtengea saa ya masomo. Alijifunza kazi ikiendelea. Ukibadilisha uzi, akae. Chai ikichemka, alale mpaka umimine. Kila mlango, kila sahani, kila ukingo wa barabara: kwanza akae, kisha apate kipande cha mkate mkavu kutoka mfuko wa aproni. Tulikucheka. Kaka yako mzururaji, aliyekuja kwako kila soli zilipomwishia, alimrushia minofu chini ya meza, nawe ukamwondolea kaka sahani yake kabla hajashiba. Ulisema, "Mbwa hana kosa. Kosa ni la aliyefungua mlango."

Hukuwa ukicheza. Macho ya mumeo yalikuwa yanafifia, na ulitaka awe na wa kumsimamisha barabarani akienda kibandani kwake kushona viatu.

Tulipokwisha kukuzika, tulimhurumia Karani. Tukampa chakula bila kumkalisha, tukamfungulia akikwaruza mlango. Kaka yako ndiye aliyezidi. Mwezi wa tatu mbwa hasikii la mtu. Kwenye kona ya duka la dawa akamvuta mumeo barabarani. Baiskeli ikamgonga, akavunjika kifundo cha mkono.

Mwanao dereva akaamua mbwa apelekwe kwa walinzi wa ghala, na baba akae nyumbani, kibanda kifungwe. Mumeo alikuwa kitandani, mkono umefungwa, akisikiliza anavyopangiwa maisha. Kisha akauliza, taratibu, "Nani alimfungulia mbwa asubuhi ile?"

Kaka yako alikuwa na begi begani, safari imeiva. Akalitua. "Ni mimi, shemeji."

"Basi mfundishe upya."

Mwanao akatoa mwezi mmoja, hata siku moja zaidi hapana. Kaka yako akaivaa aproni yako, kamba hazikutosha kulizunguka tumbo. Muuza mkaa akawa anampigia hodi akimwita Mama Uzi mpya. Milango yote ya nyumba ile aliifungua na kuifunga mpaka bega likauma. Kaa. Haya. Binti yako akawakataza wageni kumsalimu mbwa kabla hajakaa, hata shangazi yake, aliyenuna.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, kwenye kona ileile, Karani alikaa bila kuambiwa. Mumeo akasimama. Lori likapita. Mwanao alikuwa ng'ambo akitazama. Kesho yake alileta mkate wa jana, mzima.

Mumeo anashona viatu kibandani, ila mkono haukunyooka vizuri. Mwanao bado ni dereva. Binti yako amerithi cherehani, na pindo zake zingali zinakwenda upande. Shangazi amerudi kututembelea. Begi la kaka yako liko nyuma ya mlango, halijabebwa. Karani amenenepa kidogo.

Tunaokukumbuka ni mumeo, mwanao, binti yako na kaka yako. Kila mlango wa nyumba hii unapofunguliwa, Karani hukaa kwanza, nasi tunaanza na wewe.