Jibu Ulilompa Baba kwa Niaba Yangu

Kongowe, Kibaha
Jumapili asubuhi

Dada Zena,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako anaijua Mungu, na ya kwangu inabadilika kila siku. Leo ni nzuri. Nimefungua kibanda, nimetia cherehani mafuta, mteja wa kwanza hajafika bado, nikasema ngoja nikuandikie kabla hasira haijaniisha. Ndiyo, nina hasira na wewe. Usinitolee macho. Kaa usikilize, maana leo zamu ya kuongea ni yangu.

Kwanza habari za huku. Wanao wako kwa baba yao, hawajambo, mdogo ameota meno ya mbele na anacheka hovyo ili ayaonyeshe. Kile kitenge chako cha zambarau ulichoniachia nikukatie gauni bado kiko kwenye rafu kama ulivyokikunja. Sijakikata, na mteja akikiulizia namwambia kina mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tulivyokuwa tunaishi. Baba yuko Msimbu na kitochi chake, kisimu cha vitufe, meseji hazisomi kwa sababu kusoma kwake ni kwa msahafu tu, herufi zetu hizi za shule zilimpita. Mimi kiziwi tangu nina miaka minane. Katikati ulikaa wewe. Kila Ijumaa baada ya swala ulikuja hapa kibandani, ukakaa kwenye benchi, simu sikioni, na mkono uliobaki ukinieleza anachosema. Miaka ishirini nilizungumza na baba yangu kupitia mkono wako mmoja.

Ulipoondoka, Ijumaa ikabaki haina mpigaji. Nilimaliza arobaini yako bila kujua Baba amekula nini, amelalaje. Ndipo mwenzangu mmoja wa chama chetu cha viziwi akanionyesha huduma ya mkalimani wa video. Wewe hukuiwahi. Nampigia mkalimani kwa simu yangu, namwona usoni, naye anampigia Baba kwenye kitochi chake. Mimi naongea kwa alama, yeye anamtamkia Baba. Baba akijibu, yeye ananipa kwa alama. Wana sheria moja: mkalimani anaongea kama vile yeye ndiye mimi. Nikisema nina njaa, hasemi kwa jina langu, kwamba Tatu ana njaa. Anasema nina njaa.

Hiyo sheria ndiyo iliyotaka kumuua mzee wetu.

Siku ya kwanza Baba alikuwa shambani, upepo mwingi. Mkalimani alijitambulisha vizuri, akaeleza na huduma, lakini Baba hakushika kitu. Akauliza, "Weye nani?" Mimi kwa furaha nikajibu haraka, "Ni mimi, Baba. Mwanao." Jina sikutaja, kosa langu hilo. Ebu fikiria, Dada. Mzee amezika binti juzijuzi, na binti yake wa pekee aliyewahi kumpigia simu kwa sauti ndiye huyo aliyemzika. Sasa sauti ya mwanamke inamwambia ni mimi, mwanao. Mkalimani akanipa alama: anasoma dua. Kisha: amekata.

Baadaye jirani yake, Mama Shani, akaitafuta namba yangu, akanitumia meseji kwamba mzee ameingia ndani na hatoki, anasema marehemu kampigia. Wengine pale uwanjani kwake walikwisha amua kuwa ni matapeli, wakamwonya asitume hata senti. Nilicheka mpaka mteja akanitazama vibaya. Halafu nikafikiria ile dakika moja ambayo Baba aliamini ni wewe, na kicheko kikaniishia.

Nilimweleza Mama Shani kwa meseji, naye akamweleza mzee. Siku ya tatu tukajaribu tena, Mama Shani akiwa amekaa kando yake. Baba hakukubali kirahisi. Akasema kama kweli ni mimi, nimwambie siku ile niliyoumwa na nge nilikuwa nimekalia nini. Nikajibu, "Fenesi." Mkalimani naye akashindwa kujizuia, akacheka.

Ndipo nikamwambia shikamoo. Zamani wewe ulimpa shikamoo yako, kisha ukaongeza kwamba Tatu anamsalimu. Yangu ilikwenda ikiwa imepanda mgongoni kwa yako. Safari hii ilitoka kwangu, na marahaba ikarudi kwangu. Dada, nilikaa na ile marahaba siku nzima.

Mazoea yana taabu yake. Baba aliendelea kusema, "Mwambie Tatu mvua huku imegoma," na mkalimani akawa anamwomba aongee na mimi moja kwa moja. Ilimchukua Ijumaa mbili kuiacha ile "mwambie." Na kuna kitu kingine ambacho wewe hukuwahi kunipa. Mkalimani hunieleza hata sauti za pembeni. Jogoo anawika. Mtu anafagia. Baba yako anakohoa. Nikamuuliza Baba kikohozi hicho ni cha lini, akasema cha tangu mwaka jana, kwani Zena hakukwambia?

Hukuniambia. Wala hukuniambia habari ya kanzu. Kila Idd namshonea kanzu, na kila Idd unaniletea majibu kwamba imemkaa, mzee amefurahi mno. Kumbe kila Idd alikuwa anakwambia shingo inamkaba! Mimi fundi mzima nimerudia kipimo kilekile cha kumnyonga baba yangu mwaka hadi mwaka, kwa sababu dada yangu hakutaka ninune. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, tena ya lami.

Kwa hilo nilicheka. La Ijumaa ya nne sikucheka.

Tulikuwa tunaagana. Baba akasema kwamba tangu ufe usingizi wake ni wa taabu, ila kuna jambo moja linampa nafuu akilala, kwamba mimi nilimsamehe kwa ile homa. Mkalimani akaleta maneno vilevile. Nikauliza, "Homa gani, Baba?"

Akanieleza. Mimi nakumbuka homa, nakumbuka dari ikizunguka na Mama akinifuta kwa kanga iliyoloweshwa. Sikujua yaliyokuwa yakisemwa nje. Kumbe Mama alitaka nipelekwe hospitali siku ile ya kwanza, na Baba akasema tusubiri, gari la mananasi linakuja, likishapakia ndiyo twende. Gari lilichukua siku tatu. Tulipofika hospitali uhai ulibaki, masikio yakawa yamekwisha kwenda.

Akasema aliubeba mzigo huo mpaka Idd moja nyumbani, mimi nikiwa na miaka kama ishirini, wote tumekaa mkekani. Akakwambia uniulize kama nimemsamehe. Akakuona unanigeukia, mikono yako ikienda. Akaniona mimi natabasamu na kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Wewe ukamwambia, "Amesema amekusamehe, Baba. Zamani sana." Aliona kwa macho yake.

Zena, siku ile uliniuliza nini? Nimejitahidi kukumbuka mpaka kichwa kinauma. Labda uliniuliza kama nataka pilau nyingine. Nilitikisa kichwa kwa ajili ya pilau, na baba yetu akaenda kulala akiwa amesamehewa.

Mkalimani alikuwa ananitazama kwenye kioo cha simu, akingoja mikono yangu. Hakuwa na haraka. Hakunisaidia, na hiyo ndiyo kazi yake. Ungekuwa wewe ungekwisha jibu, na jibu lingekuwa tamu. Nikaona njia mbili na zote zina miiba. Ninyamaze, Baba aendelee kulala kwa kichwa nilichotikisa kwa ajili ya chakula. Au nimwambie mzee kwamba mwanawe aliye kaburini alimdanganya.

Nilisema ukweli. "Baba, Zena hakuniuliza. Nimejua leo."

Mkalimani akanipa: jogoo. Jogoo tena. Kisha Baba akasema, "Basi nakuuliza mie."

Na mimi, Dada, nikamwambia, "Sijui, Baba. Nipe siku." Akasema sawa, mwanangu, akaaga kwa adabu kama anayeongea na mgeni.

Wiki ile niliharibu sketi mbili za shule na nikamkaripia mteja asiye na kosa. Hasira kwa Baba ilikuwepo, siifichi. Mananasi! Lakini kila nikiishika ilikuwa inateleza na kukuangukia wewe. Baba alikosa siku tatu akiwa hajui mwisho wake. Wewe ulikaa na swali langu miaka yote, kila Ijumaa, kwenye benchi langu, ukinywa soda yangu. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe aliyejitungia ujumbe je? Nilikuwa nakuona wewe ndiyo mlango wangu. Sasa najiuliza ni mambo mangapi yalibisha hodi ukayafukuza bila mimi kujua.

Halafu Alhamisi, nikiwa napiga pasi, nikajiuliza kwa haki: ungeniuliza kweli siku ile ya Idd, ningesemaje? Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka kukataliwa kazi ya pili kwa sababu ya masikio. Wavulana wa jirani walikuwa wanapiga makofi nyuma yangu waone kama nitageuka. Ningesema hapana, Dada. Ningesema mbele ya watu, siku ya Idd, na ishara zangu na Baba, zile zetu za muhogo na mvua na karibu chakula, zisingeweza kulirekebisha jambo hilo baadaye. Na wewe ulilijua. Ulinijua kuliko nilivyotaka kujulikana.

Sisemi ulifanya vyema. Nasema nimeelewa ulichokiogopa.

Ijumaa nikapiga. Mkalimani alikuwa yuleyule wa mwanzo, aliyecheka habari ya fenesi. Aliniambia simu haikumaliza hata kuita mara moja, mzee alikuwa amepokea. Shikamoo, marahaba. Sikumzungusha. Nikasema, "Baba, siku ile ya Idd ningekataa. Leo umeniuliza mwenyewe, na mimi mwenyewe nakujibu. Nimekusamehe."

Mkalimani akayatamka. Kisha akanipa alama moja: analia. Sijawahi kumwona Baba akilia, Dada, hata siku tulipokuzika alikuwa mkavu. Na hata siku hii sikumwona. Lakini niliambiwa wakati uleule alipokuwa analia, si baada ya wiki, wala kwa namna iliyopunguzwa ili nisiumie. Niliumia, na nilikuwepo.

Alipotulia akapenga kamasi (hilo pia nililetewa), akauliza, "Na dada yako je?"

Nikamwambia, "Huyo nitamwandikia mwenyewe."

Basi ndiyo barua hii. Sina la kukuficha, maana kuficha umekwisha kuficha wewe vya kutosha. Nilikupenda kabla sijajua haya, na nimejaribu wiki nzima kukupenda kidogo kuliko zamani, imeshindikana. Nimekukosa hapa benchini. Huyu mkalimani ni hodari, mikono yake yote miwili, haniachii neno, lakini hajui kunikonyeza Baba akianza hadithi zake ndefu.

Ninakuahidi kwamba Ijumaa ya Baba haitakosa mpigaji. Nitampeleka kwa daktari wa kikohozi, nisisubiri gari lolote. Kanzu ya Idd hii nitaipima shingoni mwake mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake. Na wanao wakikua wakaniuliza mama yao alikuwa mtu wa namna gani, nitawapa yote, hata ya kanzu na ya pilau, bila kuwapunguzia.

Wewe huwezi tena kuniomba radhi. Nakujua, hata ungekuwa hai usingeomba, ungeniuliza kwanza kama nimekula. Kwa hiyo nakufanyia ulichomfanyia Baba: natoa jibu la swali ambalo halikunifikia. Nimekusamehe, Zena. Lala, Mola akupanulie ulipolala.

Ijumaa nitamwambia Baba hivyohivyo, kwa maneno yangu.

Mdogo wako,
Tatu