Sampuli ya Mtu Asiyeumwa

Shoga, acha kila kitu usome. Nimejifungia chooni hapa maabara.

Si unawajua wale bakteria wa koo tunaowapima mkoa mzima? Miaka yote iliyotamba ni ile aina ya kuchoma koo tu, mtoto anapewa dawa, anapona. Mwaka huu imeibuka nyingine, inayoingia mpaka kwenye damu. Ndiyo iliyomchukua yule binti wa jirani yako.

Sasa leo bosi anatusomea matokeo. Akafika kwenye sampuli ya mtu mzima asiyeumwa, ile tunayoweka ya kulinganishia. Akakodoa macho. "Huyu naye anayo. Ileile ya damu! Ni nani huyu?"

Watu kicheko. Mmoja akasema, "Anatembea nayo kama leso mfukoni!"

Shoga, ni mimi. Nilijipitishia mwenyewe kile kijiti cha pamba kooni, kwa uvivu tu wa kumtafuta mtu.

Nilicheka nao. Yaani nilicheka nao!

Na siumwi. Nameza mate, nameza tena, koo halichomi hata kidogo.

Jumapili nilimbeba mwanao. Unakumbuka alivyolia, nikawa nampulizia usoni mpaka akacheka? Ukasema, "Mpulizie tena, mama mdogo, anapenda."

Nikampulizia tena.

Mshike paji la uso sasa hivi. Kama lina joto, mkimbize hospitali, usinisubiri.

Shoga?

Naona umeshasoma. Mbona hujibu?