Edah Amerudi Kusalimia

Nyuma ya Soko la Sofia,
Busia, Uganda.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Sylvia,

Mulembe! Mmeamkaje huko Dodoma? Ile miguu yako imeacha kuvimba? Na shemeji Mangeni, kifua kimepoa? Sisi huku tu wazima. Mvua imetosha, wimbi limeota vizuri, nami bado niko barazani na cherehani yangu, nikishona na kuchungulia mambo ya watu kama unavyonijua.

Sasa shusha pumzi, dada. Mwanao Edah hafukuzwi kazi.

Unakumbuka ofisi yao inatazamana na baraza langu. Huu ni mwaka wake wa tisa kuwashughulikia wafanyabiashara karatasi za mizigo inayovuka kwenda Kenya. Wateja walimpendea salamu. Msamia alipata mulembe yake, Mteso yoga, Mjaluo oyawore, ndipo karatasi zikafuata. Lenox, mwenzake wa meza ya pili, alipoacha kazi, bosi wao Osborn akamwachia Edah meza zote mbili, eti kwa muda tu. Hiyo "kwa muda tu" ikaota mizizi. Afe punda, mzigo ufike! Punda akifa, mzigo utafikishwa na nani?

Naye mwanao hajui kusema hapana. Moyo wake wa kazi ndio uliomponza. Akaanza kukosea mambo ambayo zamani angeyafanya amefumba macho, na salamu zikakauka. Ikawa "lete karatasi" na "anayefuata". Wateja wakahamia ofisi ya jirani, Osborn akamwambia wakiendelea kuondoka, mwisho wa mwezi naye aondoke. Nyumbani alinipita mlangoni bila neno, moja kwa moja kitandani. Niliogopa, sikufichi.

Jumanne akaja mzee Ikiring, yule wa mahindi kutoka Osukuru, mteja wake wa tangu mwanzo. Akasimama mbele ya meza, karatasi kazibana kwapani.

"Yoga!"

"Namba ya gari?" Edah hata kichwa hakuinua.

"Yoga!"

"Namba ya gari, mzee!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, hata mimi nikajichoma sindano. Edah naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akashindwa kunyamaza. Osborn akatoka mbio kuona kuna nini.

"Osborn, huyu mutoto najua kazi sana," mzee akamwambia. "Lakini kazi ya watu mbili napea mutu moja, akili yake nakwenda wapi? Mimi nangoja salamu yangu. Karatasi sitoi."

Basi foleni yote ikagoma kutoa karatasi! Osborn alijikuna kichwa mpaka nikamhurumia kidogo. Kidogo tu. Alhamisi kijana anayeitwa Kevo alikuwa ameketi kwenye meza ya Lenox, na Edah akapewa mapumziko. Yale maneno ya kumfukuza Edah, Osborn ameyameza mwenyewe, tena mbele yangu.

Jana jioni nilikuwa napakua chakula Edah akaingia. "Mulembe, mama mdogo." Akauliza habari za mgongo wangu, akauliza cherehani, akauliza kuku anayeatamia. Nikamjibu zote, moja moja, mpaka ugali ukapoa. Sikuthubutu kumkatiza.

Nisalimie shemeji, Quinter na wanawe, na bibi Apendi. Mungu awafunike nyote, na miguu yako aitulize.

Mdogo wako akupendaye, aliyepata usingizi tena,

Damalie